Bandeji ya Siku Ishirini na Moja

Mama Ngusa, anayeuza soda na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mbele ya kituo cha magari cha Maganzo, anaapa kwamba aliona yote. Anasema siku ile ya gulio, saa nne asubuhi, watu wamejaa mpaka barabarani, mwanaume mgeni alimfumba Serafina macho kwa mtandio wake mwenyewe, akamshika mkono, akamchoma kwa chuma kidole kimoja kimoja mpaka vyote kumi vikaisha. Serafina, badala ya kupiga kelele, akawa anacheka.

"Nusu saa nzima, mayo! Na mimi nipo hapa hapa na makreti yangu, naangalia. Yule ni mganga. Wa kisasa, wale wanaotembea na kompyuta. Tangu dakika ile mtoto wa watu hakuwa sawa."

Katika maneno hayo, la kompyuta ni kweli. La kucheka nalo ni kweli. Mengine Mama Ngusa aliyaongeza kidogo, kama anavyoongeza barafu kwenye ndoo ya soda. Ilivyokuwa hasa ni hivi.

Donatus alishuka kwenye basi akiwa amevaa shati la bluu la mikono mirefu, limepigwa pasi likasimama, na viatu vyeusi ambavyo kabla ya saa moja vilikwisha kuwa rangi ya vumbi. Alikuwa mrefu na mwembamba. Alimwomba Mama Ngusa meza, akalipia soda kreti nzima, akaandika kwenye boksi kwa kalamu nene: VIDOLE KUMI, SODA MOJA. Kisha akaketi na bikari ya shuleni, rula na daftari.

Wachimbaji walimzunguka wakimcheka. Serafina alisimama nyuma yao muda mrefu. Ndiyo tabia yake, huangalia kwanza. Siku ile alikuwa na gauni la kitenge la njano lenye maua ya zambarau, nywele kasuka twende kilioni, ndala za bluu miguuni. Alipoona watu kumi wameguswa na wote wamepewa soda zao bila ujanja, akasogea.

"Soda gani?" aliuliza.

"Unayoitaka."

"Nikitaka ya chungwa, baridi?"

"Iwe baridi."

"Na vidole unavipeleka wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Donatus naye akacheka.

"Vinabaki kwako, dada. Nakuomba tu ufumbe macho. Nikikugusa, uniambie umesikia ncha moja au mbili. Basi."

"Wewe ni daktari?"

"Nasomea udaktari wa hesabu."

"Kwani hesabu nazo zinaumwa?"

"Zangu zinaumwa sana. Ndiyo maana nimekuja huku."

Serafina alijifunga mtandio machoni mwenyewe, akanyoosha mkono wa kulia. Donatus akaanza. Ncha za bikari zikiwa mbali, kila mtu husema mbili. Zikisogezwa karibu karibu, hufika mahali mtu husikia moja tu. Wachimbaji wenye ngozi ngumu walikuwa wamefika hapo mapema. Donatus mwenyewe, akijigusa, hupotea kwenye milimita mbili. Serafina alipita hapo akisema "mbili, mbili, mbili" kama mtu anayehesabu mayai, na alikuwa akicheka kwa sababu inatekenya.

"Unafanya kazi gani?" Donatus aliuliza, sauti imebadilika.

"Nachambua. Tukishaosha mchanga, mimi natafuta jiwe. Wenzangu wanatafuta kwa macho. Jua linadanganya macho, chupa iliyovunjika inang'aa kuliko almasi. Mimi naangalia, halafu napapasa."

Alifungua mtandio, akachukua soda yake, akakaa. Wengine walikwisha kutawanyika. "Haya, niambie sasa. Umetoka mbali kuja kuuliza moja au mbili?"

Donatus alimweleza. Baba yake, mzee Edson, alikuwa mchimba dhahabu kule Katoro, akakatwa vidole viwili na mashine ya kusaga mawe. Kidonda kikapona. Lakini kila aliponyoa ndevu, wembe ukipita shavuni, mzee alisikia kidole kisichokuwepo kinamwasha. Majirani wakasema amerogwa. Mzee akaacha kunyoa, akaacha kusema. Donatus alikuwa darasa la tano, na swali hilo halikumtoka.

"Nimekuja kujua baadaye," alisema. "Kichwani, kwenye ubongo, kuna ramani ya mwili. Kila kidole kina eneo lake, na kidole jirani kina eneo la jirani. Uso na mkono, kwenye ramani hiyo, vimepakana. Eneo la vidole likikosa kazi, majirani wanaliingia. Mzee hakurogwa. Shavu lilikuwa limehamia kwenye nyumba ya kidole."

"Na ramani hiyo anaichora nani?"

"Hakuna. Mtoto anazaliwa nayo ikiwa hafifu, mipaka haijakaa. Inajichora yenyewe jinsi anavyogusa na kuguswa. Mimi naandika hesabu za namna inavyojichora."

Serafina alinywa soda taratibu akiangalia gulio.

"Kama hawa," alisema. "Hakuna mtu aliyewapanga. Wa nyanya anapenda kukaa karibu na wa nyanya, wateja wanakuja pamoja. Lakini akitandaza turubai mpaka kwa wa dagaa, wa dagaa wanamsukuma. Wa karibu anakuvuta, wa mbali kidogo anakufukuza. Mwisho wake kila mtu ana mahali pake. Na mama wa vitunguu alipohamia Mwakitolyo, unafikiri nafasi ilibaki wazi? Wiki mbili tu, wa kushoto na wa kulia wamekwisha kuila."

Donatus aliweka bikari mezani.

"Nani amekufundisha hayo?"

"Nani anifundishe? Nimeishia la saba. Nimekaa hapa miaka naangalia."

"Hayo uliyosema," Donatus alisema polepole, "kwangu ni kurasa arobaini."

"Basi unaandika kwa herufi kubwa."

Hapo ndipo alipoomba namba ya simu, na hapo ndipo Mama Ngusa alipoanza kusogeza makreti yake karibu ili asikie vizuri.

*

Walianza kupigiana kila jioni. Donatus alikuwa amepanga chumba Shinyanga mjini kwa miezi miwili, akizunguka machimbo ya mkoa na kupima vidole.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Wali maharage."

"Kila siku wali maharage! Ndiyo maana umekuwa kama rula yako. Njoo Maganzo nikupikie ugali na kuku wa kienyeji, angalau ukitembea upepo usikubebe."

"Na mimi nikija nikuletee nini?"

"Lete habari. Ramani yako imefika wapi?"

Alimwuliza kweli, na Donatus alimjibu kweli. Alimweleza jinsi kwenye kompyuta yake eneo moja lilivyokuwa likivimba mpaka kumeza mengine yote, na Serafina akamwambia huyo umempa nafasi bila kumpa wa kumsukuma. Wakati mwingine waliongea mpaka salio likaisha.

Jumapili moja Serafina alipanda gari kwenda Shinyanga. Alivaa gauni jekundu la kubana kiunoni na viatu vya kisigino kifupi alivyoazima kwa dada yake Ritha. Donatus alimngoja karibu na stesheni ya reli akiwa na shati jeupe, amenyoa, ananukia. Walikula chipsi kuku kwenye mgahawa wa wazi, feni inazunguka kwa kelele, bajaji zinapita kando yao. Akamshika mkono juu ya meza.

"Leo hunipimi?"

"Leo nakushika tu."

"Basi shika vizuri. Siyo kama unashika chaki."

Akamshika vizuri. Serafina hakuondoa mkono. Alimtazama kwa yale macho yake ya kusubiri, akasukuma sahani kando kwa mkono wa pili.

Ilipokaribia siku ya Donatus kurudi chuoni Dar es Salaam, alimwambia jambo lililokuwa limemkaa rohoni.

"Sera, hesabu zangu zinasema hivi. Vidole viwili vikifungwa pamoja, vikaguswa pamoja kila saa, ramani itavichukua kuwa kimoja. Mpaka kati yao utafifia. Inasema siku ishirini na moja. Nimejaribu kwangu mwenyewe, lakini mimi najua ninachotamani kusikia, kwa hiyo sijiamini. Wanafunzi wangu wawili wamejaribu, wakafungua siku ya nne."

"Na vikifunguliwa?"

"Mpaka unarudi. Siku chache tu."

Serafina alifikiri. Kundi lao lilikuwa bado linachimba na kurundika mchanga. Pampu ya maji imeharibika, na fundi alisema kuosha ni mwisho wa mwezi. Hakukuwa na kuchambua mpaka wakati huo.

"Funga," alisema.

"Wa kushoto?"

"Wa kushoto unajua nini? Funga wa kulia, wenye akili."

Donatus alifunga kidole cha kati na cha pete kwa bandeji nyeupe, raundi kwa raundi, taratibu kama anavalisha mtoto mchanga. Kwenye fundo akaandika tarehe na sahihi yake ili ijulikane kama limeguswa.

"Sifungui," Serafina alisema. "Mpaka ufungue wewe."

Donatus akambusu pale kwenye fundo, na kesho yake akaondoka.

*

Kwa wachambuaji wa Maganzo, mkono ndiyo barua ya utambulisho. Anayekaribia chekeche anavua pete, anakunja nguo mpaka juu ya kiwiko, anakuja na kucha fupi. Akimaliza ananawa mbele ya wenzake na kutanua vidole hewani, kila mtu aone. Hata mwenye kidonda hukaa pembeni mpaka kipone. Hakuna aliyeliandika, na hakuna asiyelijua. Donatus peke yake ndiye hakulijua, na Serafina hakumwambia kwa sababu aliona siku zinatosha.

Pampu ikapona mapema. Siku ya kumi na nne ya bandeji, Marwa, msimamizi wa kundi, aliwaita watu wote kwenye bwawa la kuoshea.

Serafina alifika amevaa kaptula ndefu chini ya khanga. Mkono wa kulia ulikuwa umefunikwa mfuko wa nailoni.

"Mimi leo nitabeba maji," alisema. "Sitagusa chekeche."

"Fungua hiyo," Marwa alisema. Ni mtu wa Tarime, sauti yake haijui kunong'ona.

"Siwezi. Nimeahidi. Ni ya utafiti."

"Utafiti wa nini? Wa ukubwa wa jiwe?"

Wakacheka. Mwanamke mmoja aliyeitwa Aneth, ambaye siku zote Serafina alimshinda kwa kuona jiwe, akasema kwa sauti ya upole, "Wiki mbili yuko karibu na mchanga na bandeji mkononi. Sisi wengine tunazo bandeji nyumbani, hatujawahi kufikiria."

Kicheko kilikatika. Watu walianza kumwangalia ule mkono kwa namna nyingine.

Serafina akatoa simu. Wote kumi na wawili walikuwa wanasikiliza, na hakutaka sauti yake isikike inalia, akasema kwa kifupi:

"Donatus, wananiambia nifungue."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za viti. Donatus alikuwa mlangoni, ndani maprofesa wanne wanamsubiri aeleze kazi yake.

"Usifungue, Sera! Nakuomba, mpenzi. Zimebaki siku saba tu. Nitakupigia."

Ikakatika.

"Amesemaje?" Marwa aliuliza.

"Amesema nisifungue."

"Basi na mimi nasema usikanyage hapa. Nenda. Na jina lako nitalitaja kwa kila msimamizi, kuanzia hapa mpaka Mwakitolyo, wajue ni nani. Mwizi ni mwizi."

Alilisema mbele ya watu wote. Mchambuaji akishaitwa hivyo mara moja, hakuna kundi litakalompigia simu tena maisha yake yote. Serafina alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Angeweza kuikata ile bandeji papo hapo. Aliitazama, akaitazama simu iliyozimika, akageuka akaondoka bila kukimbia.

Jioni Donatus alipiga mara kumi na tisa. Serafina alizihesabu zote, kisha akaifungia ile namba isiingie tena. Kesho yake alihamia kwa dada yake Ritha, Ibinzamata, Shinyanga mjini, akawa anamsaidia kugeuza chapati kwa mkono wa kushoto.

"Si ufungue tu hilo dude?" Ritha alimwambia. "Mwanaume mwenyewe umemfungia."

"Sifungui."

"Kwa ajili yake?"

"Kwa ajili yangu."

*

Siku ya kumi na saba Donatus alikumbuka kwamba ana namba ya Mama Ngusa, ile aliyoipata siku ya kulipia kreti.

"Shikamoo mama. Ni Donatus, wa vidole."

"Marahaba. Mganga, uko hai? Mimi nilidhani umekufa, maana mtu hai hawezi kumfanya mwenzake mwizi akakaa kimya."

"Mwizi? Mama, mwizi wa nini?"

"Wa jiwe! Unamfunga mchambuaji vidole, katika Maganzo hii? Hata mtoto wa chekechea wa hapa hawezi kufanya hivyo. Akaambiwa fungua, wewe ukamwambia usifungue. Wamemfukuza. Aneth ndiye anayechambua sasa hivi, na hata tofauti ya chumvi na sukari haijui."

Donatus alikaa chini pale pale kwenye ngazi za chuo. Alirudia kichwani ile simu, maneno yake yote, na akaona kwamba hakuwa ameuliza hata swali moja. Alfajiri yake alikuwa kwenye basi.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa alibisha hodi kwa Ritha, shati limekunjamana, macho mekundu kwa vumbi la safari.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," Ritha alisema, akamwangalia kutoka viatuni mpaka kichwani. "Wewe ndiye wa bandeji? Kaa hapo. Usiguse kitu."

Akakaa kwenye kigoda uani zaidi ya nusu saa. Serafina alitoka hatimaye, amejifunga khanga nyeusi, hajajipamba. Bandeji ilikuwa imekuwa ya kijivu, fundo liko vile vile.

"Umekuja kuangalia mkono," alisema.

"Nimekuja kukuangalia wewe."

"Basi mbona macho yako yalianzia kwenye mkono?"

Ilikuwa kweli, mara moja tu, na Serafina ameiona.

"Siku ile nilikupigia kukuambia nini?"

"Uliniambia wanakuambia ufungue."

"Na wewe ukauliza nini?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza nani. Hukuuliza kwa nini. Ulihesabu siku." Sauti yake haikupanda. "Mimi ramani yako niliiuliza kila jioni. Nilitaka kuijua. Wewe Maganzo yangu umeijua nini, zaidi ya soda?"

"Nimekosa, Sera."

"Umekosa. Endelea."

"Nilikuwa naogopa wale maprofesa. Nikaona bandeji, sikukuona wewe ndani yake. Hakuna cha kujitetea. Niambie tu nianzie wapi, nitaanzia hapo."

Ndani, kelele za sufuria za Ritha zilinyamaza. Naye alikuwa anasikiliza.

Serafina alikaa kwenye mkeka, akaweka mkono magotini.

"Ningeifungua hapa nyumbani, nani angeamini? Kitu kinafunguliwa pale kilipotiliwa shaka, mbele ya walioshuku. Leo wanamaliza kuosha. Kesho wanagawana na kutawanyika, nusu yao wanakwenda kwenye dhahabu Mwakitolyo, na jina langu linakwenda nao."

"Twende leo."

"Leo ni ya kumi na tisa."

"Najua ni ya ngapi."

"Na maprofesa wako?"

"Nitawaambia kumi na tisa, na nitawaambia kwa nini." Akasimama, akapangusa suruali. "Dada Ritha, tunaomba ruhusa."

"Nendeni!" Ritha alijibu kutoka jikoni. "Na akirudi analia, wewe kijana nitakusonga kama ugali."

*

Walifika bwawani saa saba, jua liko utosini. Kundi zima lilikuwepo, maji yamekuwa uji wa kijivu, marundo ya mchanga uliokwisha oshwa yamejipanga. Aneth aliinua kichwa, akakiinamisha upesi.

Donatus alifungua mdomo. "Jamani, mimi ndiye—"

"Wewe nyamaza," Serafina alisema, lakini si kwa ukali. "Naongea mwenyewe."

Akaomba beseni tupu, jeupe, liwekwe chini. Akawaita wote wakaribie, akakunja nguo mpaka begani, akanyoosha mkono juu ya beseni.

"Marwa, uliniambia nifungue. Nimekuja. Lakini sifungui mimi, wala hafungui huyu, maana mtasema amelipitisha jiwe kwenye kiganja. Chukua kisu chako, kata wewe."

Marwa alitazama watu, akatoa kisu kiunoni, akakifuta kwenye suruali. Aliangalia lile fundo lenye sahihi kwanza, akaona halijaguswa. Akakata. Alifungua raundi kwa raundi, kila raundi akiikung'uta juu ya beseni. Zilidondoka nyuzi mbili na vumbi la unga wa chapati. Ndani kulikuwa na vidole viwili vyembamba, vyeupe kwa jasho, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Serafina akavitanua hewani, polepole, kila mtu aone.

Marwa akavua kofia.

"Dada, samahani," alisema chini chini.

"Hapana, Marwa. Mwizi ulilisema kwa sauti. Na hili lirudishe kwa sauti ile ile."

Marwa alikohoa. Kisha akageuka, akapaza ile sauti yake ya Tarime ikasikika mpaka kwa waliokuwa wakichota maji ng'ambo:

"Serafina Mageni hakuiba! Nimekosea mimi, Marwa! Anayesema vingine aje aniambie mimi! Na wasimamizi wote niliowapigia, leo hii nawapigia tena!"

Wanawake wakapiga vigelegele, Aneth akapiga cha mwisho, kifupi.

Donatus alikuwa amesimama pale pale, mikono mitupu, begi lake limefungwa zipu. Serafina aliliona begi, akaona kwamba hata hajaligusa.

"Mbona hupimi?"

"Sikuja na hilo leo."

"Na mimi nimekaa siku kumi na tisa bure?" Akafumba macho, akamnyooshea Marwa mkono. "Wewe huna unachotamani. Gusa. Kimoja kimoja, nami nitasema ni kipi."

Marwa akagusa kwa ukucha.

"Cha pete."

"Cha kati!" watu wakapiga kelele. Marwa akarudia. "Cha kati," Serafina akasema, na kumbe ni cha pete. Walicheka mpaka wakashikana. Mwanamke aliyejua jiwe gizani hakujua vidole vyake mwenyewe. Katika mara kumi alikosea tatu.

"Hesabu yako ilisema ngapi?" alimwuliza Donatus akiwa bado amefumba.

"Ilisema tano, kama mtu anayebahatisha."

"Andika tatu. Usimwonee haya mtu."

"Tatu," Donatus alisema, akacheka na macho yakamlowa, "ni nzuri kuliko tano. Sasa najua nilipokosea."

"Vitarudi?"

"Vitarudi. Kabla ya Jumapili."

Marwa alimwomba amalizie chekeche la mwisho, akakubali. Wakaligeuza chini, mchanga ukalala kama mkate, mawe mazito katikati. Serafina akachuchumaa, kwanza akaangalia. Donatus akaja akachuchumaa upande wa pili, viatu vyake vyeusi ndani ya tope, wala hakuvitazama.

"Sera," alisema, kwa sauti ya mtu aliyejipanga. "Nataka kuuliza, na sitaki unijibu haraka. Naomba uniruhusu niende Kishapu kwa baba yako, mzee Mageni, pamoja na wazee wangu kutoka Katoro. Kama ni ndiyo, niambie mzee anapenda kusalimiwa vipi, na watu wa kwenu wanataka nini, yote, nisikosee tena. Kama ni bado, niambie bado."

Wanawake waliokuwa karibu waliacha kuosha.

Serafina aliingiza mkono wa kulia kwenye mchanga. Vidole viwili vilikwenda pamoja, havijajuana, vikipapasa kutoka katikati kwenda nje, taratibu, jiwe kwa jiwe. Donatus alisubiri, mikono yake magotini, akimwangalia usoni.

"Mzee anapenda mtu avue viatu kabla ya kumsalimia," Serafina alisema, mkono ungali mchangani, "basi anza na hivyo."